Mpitaji Rasmi

Msomaji asihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Ramani zake zilikuwa zikikaguliwa, na mkaguzi alipoona mipaka imechorwa kwa wino mweusi alizirudisha kiwandani zikapaushwe. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi ya amani, yenye rais mmoja, redio moja na majumba mia tatu ya sinema, na kwamba watu wake walikuwa wameacha kujitazama kwenye vioo. Kioo cha nini? Mtu akitaka kujua kama yeye ni mzuri au mbaya, mwema au mwizi, wa kuolewa au wa kufulia wengine, alikata tiketi, akakaa kwenye kiti saa mbili, akatoka na jibu lake.

Kazi nzito namna hiyo haiwezi kuachiwa wasanii. Ndiyo maana ikaundwa Bodi ya Sura na Mwenendo Mwema, yenye jengo la ghorofa sita, lifti iliyojua kupanda tu, na Jedwali la Sura.

Jedwali lenyewe lilikuwa kadi ya rangi za ukuta iliyotoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lilikuwa na vipande tisa. Namba moja iliitwa Maziwa, namba nne Maji ya Kunde, na namba tisa Sufuria ya Shughuli. Kila mwigizaji alipita dirishani kwa Bi Eshe Makungu, katibu wa Bodi, akawekewa kadi shavuni, akaandikiwa namba. Wa moja hadi tatu waliigiza wapenzi, wauguzi, mawakili na malaika. Wa nne hadi sita waliigiza majirani, na polisi wanaofika mambo yakiwa yamekwisha. Wa saba hadi tisa waliigiza watumishi wa ndani, wachawi, wezi, na watu wanaokufa kabla ya chai. Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Fumbwe Kilindo, ambaye kwa macho ya kawaida ungemwekea nane na nusu, alipimwa nyuma ya pazia akatoka akiwa namba mbili. Hakuna aliyebisha. Macho ya kawaida hayakuwa kifaa cha serikali.

Wanawake walikuwa na kanuni yao, Kanuni ya Tisa. Mwanamke kwenye filamu aliruhusiwa maswali matatu: Umerudi? Umekula? Nimekosa nini? Aliyetaka swali la nne alileta barua ya mume.

Lakini kanuni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kumi na Nne. Bodi ilikuwa imegundua kwamba wanaume wawili, au wanawake wawili, wakiachwa peke yao kwenye picha kwa zaidi ya pumzi nne, watazamaji huanza kuwaza. Bodi haikusema huwaza nini. Ilisema tu kwamba Bodi yenyewe ilitazama picha ya namna hiyo mara kumi na saba kwa ajili ya utafiti, na kila mara iliwaza sana.

Dawa ikapatikana. Serikali ikaajiri mtu wa kupita.

*

Mtu huyo aliitwa Kitwana Mtoro, na cheo chake kilikuwa Mpitaji Rasmi. Alivaa kaki, akashika ndoo ya bati, akakaa nyuma ya kamera kila filamu ilipopigwa. Watu wawili wa jinsia moja wakikaa pamoja, Kitwana alihesabu pumzi: moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ikianza kuvutwa, alipita katikati yao na ndoo yake, akasema "Hamjambo," akatokea upande wa pili. Hapo mawazo ya taifa yalikatika, filamu ikaendelea.

Alikuwa amepita katika filamu mia moja na kumi na mbili. Alipita jikoni, alipita hospitalini, alipita mahakamani. Marubani wawili walipokuwa wakizungumza angani, alipita nje ya dirisha la ndege. Katika filamu ya wanajeshi wawili waliopotea jangwani, wakiwa wamebakiwa na tone moja la maji, Kitwana alipita na ndoo iliyojaa pomoni, akawajulia hali, akaenda zake. Watu walilia sana siku ile. Hakuna aliyeuliza kwa nini wale wanajeshi hawakumwomba maji.

Kitwana hakuichukia kazi yake wala hakuipenda. Aliishi na dada yake mkubwa, Siwema, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye naye alikuwa mtu wa sinema. Jioni walikula pamoja.

"Haya, mzee wa ndoo," Siwema alimwuliza, "leo umewatenganisha akina nani?"

"Wauguzi wawili, dada. Walikuwa wanakunja bandeji."

"Loo! Ungechelewa, bandeji zingefunga ndoa."

Siwema Mtoro alikuwa namba tisa. Alikuwa ameigiza filamu arobaini na moja, na katika hizo alikuwa mchawi mara ishirini na tano, mtumishi mara kumi na tano, na mara moja alikuwa kivuli. Alipewa kucha za bati na meno ya mahindi. Mtengeneza filamu mmoja aliyemhurumia alimwita pembeni akamwambia, "Mama, ungejipaka mkorogo kidogo tu. Ukifika namba sita nakupa hata ujirani."

"Mwanangu," Siwema akamjibu, "ile kadi ni ya kuta. Mimi sijajengwa."

Kauli hiyo iliwachekesha watu kwa wiki nzima. Ila sokoni mambo yalikuwa mengine. Muuza nyanya alimpa mzigo wake haraka haraka bila kumgusa mkono. Watoto walipomwona walitimua mbio, "Bibi Kucha! Bibi Kucha!" Siwema aliwacheka barabarani. Akifika nyumbani aliosha nyanya moja kwa muda mrefu kuliko nyanya inavyohitaji.

Na katika filamu zote arobaini na moja, Kitwana hakupata kumpitia dada yake hata mara moja. Mchawi hana rafiki wa kukaa naye peke yake.

*

Siwema alifariki mwezi wa mvua, kwa homa ya siku nne.

Majirani walifika, hilo lisemwe. Walisimama nje ya kizingiti. Mwanamke aliyekuja kuosha maiti aliomba kwanza kitunguu saumu cha kujikinga, akakifunga kwenye pindo la kanga, ndipo akaingia. "Si kwamba naamini," alimwambia Kitwana, "lakini mimi nimemwona kwa macho yangu akila mtoto." Alikuwa amemwona kweli, Jumapili mbili, kwa tiketi ya nusu bei.

Siku ya arobaini Kitwana alitaka kuweka picha ya dada yake mezani, watu wamwombee wakimtazama. Akapekua sanduku. Akakuta mabango: Siwema na nyoka, Siwema na chungu, Siwema akimtemea mate bibi harusi. Akakuta kitambulisho cha taifa, lakini ofisi ilikuwa imeipausha ile picha, kama ilivyofanya kwa raia wote, hadi kilichobaki ni macho mawili na kilemba. Dua ikasomwa mbele ya meza tupu.

Kuanzia siku hiyo Kitwana aliingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa anaanza kusahau mdomo wa dada yake. Kila alipoufikiria, ulikuja na meno ya mahindi.

Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo Siwema alibaki kama alivyokuwa, na mahali hapo palikuwa na urefu wa sekunde arobaini.

Wiki tatu kabla ya homa ile, ilipigwa filamu yake ya arobaini na mbili, iitwayo *Mawifi wa Duka la Vitambaa*. Mwigizaji wa namba mbili aliyepangiwa nafasi ya mwenye duka aliteguka mguu, studio ilikuwa imekodiwa kwa siku moja, na aliyekuwa karibu ni Siwema, aliyeletwa kuigiza mtumishi anayefagia. Wakamvua kanga ya ufagio wakamvisha gauni la mwenye duka. Picha ya mwanamume ilitundikwa ukutani, kama kanuni ilivyotaka, ili pasiwe na duka lisilo na mwenyewe.

Katika onyesho lile mteja analalamika kwamba mita ya duka ni fupi. Anapotoka, mwenye duka na wifi yake wanaichukua ile tepu kujipima wao kwa wao, na Siwema anakutwa ana urefu wa mita tatu na robo. Hapo wakaanza kucheka. Kilichoandikwa kilikuwa kicheko kidogo. Lakini tepu ilikuwa mbovu kweli, na Siwema akashikwa na kicheko chake cha nyumbani, cha kuinama na kushika magoti, akamvuta na mwenzake, hadi wote wawili wakaketi sakafuni wamekumbatiana wakipangusa machozi.

Kitwana alikuwa nyuma ya mlango na ndoo. Moja, mbili, tatu, nne. Akaunyanyua mguu. Dada yake akacheka tena, na kile kilikuwa kicheko cha mama yao, ambacho Kitwana alikuwa hajakisikia tangu akiwa na miaka tisa.

Akaushusha mguu.

*

Bodi iliitazama filamu hiyo miezi miwili baadaye, na saa hiyohiyo Kitwana akaitwa ghorofa ya sita. Alipanda kwa lifti.

"Ndugu Kitwana," alianza Mheshimiwa Fumbwe, "wanawake wawili wamecheka kwa sekunde arobaini. Arobaini! Katika nchi yenye serikali!"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Walikuwa wanacheka nini?"

"Tepu, Mheshimiwa. Ilikuwa mbovu."

"Na mwanamume alikuwa wapi?"

"Kwenye picha ukutani, Mheshimiwa."

"Akifanya nini?"

"Akitazama."

"Hakukemea?"

"Ni picha, Mheshimiwa."

Mheshimiwa aliwageukia wajumbe. "Mnaona? Uzembe umefika mpaka kwenye picha za ukutani."

Bi Eshe alisimama na faili. "Kuna jambo baya zaidi, Mheshimiwa. Mmoja wao ni namba tisa. Namba tisa anacheka bila kuwa amemdhuru mtu."

"Hana kibuyu?"

"Ana tepu ya kupimia."

"Labda amemloga mteja?"

"Amemrudishia chenji, Mheshimiwa. Kamili."

Wajumbe waliguna. Mjumbe mmoja mzee, aliyekuwa amelala tangu asubuhi, aliamka akauliza kama vita vimeanza.

"Wananchi wakiona hivi," alisema Mheshimiwa, akisimama ili sauti itoke vizuri, "kesho namba tisa atakwenda benki! Keshokutwa wanawake watacheka bila sababu ya kiume! Na wakishakumbatiana sakafuni, ndugu wajumbe, sakafuni, nawauliza, watasimama wakiwa akina nani?" Akanywa maji. "Wewe Mpitaji, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Na ndoo?"

"Mkononi."

"Kwa nini hukupita?"

Kitwana alitaka kusema kweli. Alifungua mdomo, akayaona macho yote ya wajumbe yakimngoja, akasema, "Ndoo ilikuwa nzito, Mheshimiwa."

Hukumu ilisomwa palepale. Sekunde arobaini zikatwe. Mahali pake ziwekwe sekunde arobaini za Kitwana akipita na ndoo mbele ya ukuta mtupu, kwenda na kurudi, ili taifa lifidiwe upitaji lilionyimwa. Kilichokatwa kichomwe uani Ijumaa, kama desturi.

Kitwana alishuka kwa ngazi.

*

Mkata filamu wa Bodi aliitwa Makame Shaha, mtu mwembamba mwenye sauti laini na mikono safi. Alikuwa amekuja mjini ujanani kutafuta uigizaji. Bi Eshe hakumwekea hata kadi shavuni. Alimsikia akisema "Habari za asubuhi, mama," akamwandikia: *Kichekesho, au mhalifu wa filamu za majambazi*. Mwanamume wa sauti laini hakuwa na nafasi ya tatu. Makame akachagua mkasi.

"Kaa, kaka," alimwambia Kitwana alipoingia chumbani kwake Jumatano. "Nimekuwekea."

Akauzungusha mtambo. Kwenye kioo kidogo Siwema aliinama, akashika magoti, akaketi sakafuni. Kitwana alitazama mdomo. Ulikuwa na mwanya mdogo juu, upande wa kushoto. Ule mwanya alikuwa ameshausahau kabisa.

"Nirudishie."

Makame akarudisha. Mara nane.

"Uifiche," Kitwana akasema. "Nakuomba, Makame. Kata kingine, uchome kingine."

"Bi Eshe hukikagua kipande kabla ya moto, kisha hupima majivu kwa mizani. Unadhani sijajaribu?" Makame aliushika mkasi bila kuutumia. "Miaka kumi na mmoja, kaka. Kila mwanamume aliyemshika mwenzake bega wakati wa msiba, nimemkata. Kila aliyelia. Wapo waliokuwa wakitembea kama mimi, wakiongea kama mimi. Hao nimewakata mapema zaidi, kabla hata hawajafika mlangoni. Wengine unawapitia wewe, waliobaki nawamalizia mimi."

Kitwana alikigusa kile kioo kidogo kwa kidole.

"Na wakishamkata Siwema," Makame akasema, "wataweka nini? Wewe. Wewe ukipita kwa sekunde arobaini. Nani atakaa kutazama hiyo?"

"Watakaa. Wananitazama miaka yote."

"Wanakutazama kwa sababu hawawezi kukuambia utoke."

Kitwana aliinua uso. Alimwomba Makame amwonyeshe dada yake mara ya tisa, akavaa kofia, akapanda tena ghorofa ya sita.

*

"Mheshimiwa," alisema, "nimetafakari kosa langu."

"Vizuri."

"Nimegundua udhaifu mkubwa katika upitaji wetu. Mpitaji akiwa ndani ya filamu, adui yeyote mwenye mkasi anaweza kumkata. Wakati wowote, Mheshimiwa, taifa linaweza kuamka likakuta halipitiwi."

Mheshimiwa Fumbwe aliweka kalamu chini. Wazo la adui mwenye mkasi lilikuwa halijawahi kumjia, akalipenda papo hapo.

"Lakini mpitaji wa mwili, Mheshimiwa, anayepita ndani ya ukumbi, mbele ya pazia la sinema, mbele ya wananchi, yeye hakatwi. Na akipita huku nyuma yake uovu wenyewe unaonekana, wananchi wanapata somo mara mbili: wanaona kosa, na wanaiona serikali ikilipita."

"Bila uovu hakuna cha kupita," Mheshimiwa alisema polepole.

"Ndivyo hivyo. Ile sehemu ya sekunde arobaini ingefaa sana kwa uzinduzi."

"Uzinduzi," Mheshimiwa alirudia. Alikwisha kuliona zulia jekundu. "Eshe! Andika. Upitaji wa Moja kwa Moja. Wapitaji mia tatu, sare mpya, ndoo zenye nembo. Huo moto wa Ijumaa uahirishwe. Wazo hili nimelipata asubuhi ya leo."

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Kitwana.

*

Ukumbi wa Taifa ulijaa tangu saa nane mchana. Bendi ilipiga, Mheshimiwa alihutubia kwa saa moja na nusu, akakata utepe uliofungwa kwenye ndoo. Kisha wajumbe wa Bodi wakaketi kwenye viti vyao, ambavyo siku zote viliwekwa mstari wa mbele kabisa vikiwa vimelipa pazia mgongo na kuwaelekea watu. Bodi haikuwa na haja ya kutazama filamu. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watazamaji, wanawaza nini.

Taa zikazimwa. Makame, juu kwenye chumba cha mtambo, akaanza. Ilipofika sehemu ya tepu, Kitwana aliingia kutoka mlango wa pembeni akiwa na ndoo yake yenye nembo.

Alipita nyuma ya viti vya wajumbe, chini kabisa ya pazia, hatua moja, hatua mbili. Juu yake dada yake alikuwa mkubwa kama nyumba. Alipofika katikati, Siwema akashika magoti, na miguu ya Kitwana ikakataa. Akasimama. Kichwa chake kikatupa kivuli cheusi juu ya gauni la mwenye duka.

Sauti ikatoka nyuma ya ukumbi. "We baba wa ndoo! Unatuziba!"

"Amechoka huyo, mpeni kiti!"

"Aende zake! Nataka kuona wanacheka nini!"

Katika miaka yote ya Kanuni ya Kumi na Nne hakuna aliyewahi kumkemea Mpitaji Rasmi. Kitwana alisubiri polisi. Hakuja mtu. Polisi mwenyewe, mlangoni, alikuwa amenyoosha shingo.

"Kaa chini, baba! Kaa!"

Kitwana akateremka kutoka mbele ya pazia, akasogea ubavuni kwenye safu ya tatu, mahali palipokuwa na kiti kitupu, akaketi. Nyuma yake ukumbi mzima ulikuwa umeanza kucheka, kwanza wanawake, halafu kila mtu. Kile kicheko cha Siwema kilikuwa na tabia hiyo hata jikoni. Wajumbe wa Bodi, wakitazamana na nyuso mia nane zilizochangamka, waliandika kwenye madaftari yao: *Wananchi wamefurahia sana upitaji.* Mheshimiwa Fumbwe, asijue kinachochekwa nyuma ya kisogo chake, alicheka pia, kwa heshima ya serikali.

Mwanamke aliyeketi karibu na Kitwana, mwenye mtoto mapajani, alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Ee kaka," alimnong'oneza bila kuondoa macho kwenye pazia, "huyu dada mwenye mwanya ni nani?"

"Anaitwa Siwema Mtoro."

"Ni mpya, eti? Mimi sinema naijua vizuri, kila Jumapili nipo hapa. Huyu sijawahi kumwona."

"Mama, mwone anavyocheka!" mtoto akasema, akinyoosha kidole.

"Ni mpya," Kitwana alisema. "Hii ndiyo mara yake ya kwanza."

"Mashallah. Ataigiza tena?"

Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na moja. Kitwana alimwomba radhi yule mama, akamwambia atamjibu zikiisha.